Bei Pamoja na Kodi

…au kifungo, afisa alikuwa akisema, au vyote viwili kwa pamoja, na yeye, fundi mapazia mzima, mwenye mvi zake na watoto waliokwisha kumpita kimo, akaitika "Abee!" kama mtu aliyeitwa kutoka uani, sauti ikatoka kabla hajaidaka, afisa akanyanyua macho kwenye kompyuta, "Umesema, mama?", "Hapana, mwanangu, endelea, nakusikiliza," lakini wapi, alikuwa hamsikilizi tena, sikio lilikuwa limeshahama ofisi ile ya mapato limerudi nyumbani, maana hapa duniani kuna mtu mmoja tu anayemwita Kifungo, naye ni baba yake, tangu utotoni alipomeza kifungo cha sare ya shule na nyumba nzima ikashinda inamchungulia, kala, kanywa, kaenda, bado, mpaka kikatoka, kikaoshwa kwa maji ya moto, kikashonwa palepale kilipong'oka, mama yao hakuwa mtu wa kutupa kitu, na yeye akakivaa mpaka shati likamwisha mwilini, jina ndilo halikuisha, Kifungo njoo, Kifungo nishikie ngazi, Kifungo leta mafuta ya taa tuoshe brashi… na sasa huyu kijana wa watu mwenye tai fupi analitamka jina hilo baada ya neno faini, bila kujua, tena kwa upole kabisa, anasoma tu yaliyomo kwenye kifungu cha sheria, kifungu, kifungo, hata maneno yamechoka leo, yanaegemeana.

Na yeye amechoka, jamani, amechoka mpaka kucha, tangu asubuhi anahamishwa benchi kwa benchi, dirisha la kwanza wamempa namba, dirisha la pili wamemnyang'anya, feni ya dari inazungusha joto lilelile, na mezani, kati ya kikombe cha chai iliyopoa na lundo la majalada, imelala picha ya ukuta wa duka lake, waliipiga lini hata hakuwaona, ukuta mweupe, maandishi ya bluu yenye kivuli chekundu, MAPAZIA YA KILA DIRISHA, na chini yake BEI PAMOJA NA KODI, herufi zimenyooka utadhani zimepigwa pasi, kazi ya baba hiyo, mzee aliyeandika vibao vya nusu ya mji kabla mashine za kuchapa mabango hazijamtoa kazini, "Kosa lenyewe ndilo hilo, mama," afisa alishaonyesha kwa kidole, "mstari wa chini," akaeleza, mara ya kwanza yeye hakuelewa, mara ya pili akaelewa nusu, mara ya tatu akatikisa kichwa kwa kumwonea huruma kijana wa watu, kwamba duka lake ni dogo, mauzo yake ya mwaka hayafiki kile kiwango cha kumfanya asajiliwe kutoza kodi ya mauzo, kwa hiyo hakupaswa kutoza na wala asingedaiwa, "Ungenyamaza tu, mama, tusingejuana," "Sasa mimi nimesema nini?", "Ukuta umesema. Na muhuri wa risiti zako umesema. Pamoja na kodi. Maana yake kila aliyenunua pazia kwako ametoa kodi ya serikali ndani ya ile bei, wewe umeipokea, na kodi ukishaipokea si yako, unatuletea," na hapo ndipo yeye alipocheka, kicheko cha kweli, cha kutua mzigo, akajua mambo yamekwisha, "Lo, mwanangu, ile ni kodi ya pango! Ya chumba! Ya mwenye nyumba!" na afisa naye akacheka, akamwita na mwenzake wa meza ya pili, njoo usikie hii, wakacheka wote watatu mpaka mwenzake akashika meza, kisha afisa akafuta macho kwa ncha ya tai, akarudi kwenye kompyuta, na kumbe kicheko hakikubadilisha kitu, "Tatizo, mama, msomaji hakuona pango pale ukutani. Ameona kodi."

Ameona kodi… na ndani ya mkoba wake, chini ya tepu ya kupimia na fungu la pete za mapazia, imo bahasha ya kodi, ile nyingine, ya pango, ameikusanya pazia kwa pazia, mwenye nyumba atagonga mlango mwisho wa mwezi na safari hii ameapa hangoji, ana mtu wa kuuza simu anakitolea macho kile chumba, yuko tayari kulipa kwa mkupuo, na kiasi alichokitaja afisa kikitoka bahasha inabaki karatasi, yaani kodi inakuja kuila kodi mbele ya macho yake, halafu yeye aende wapi, cherehani mbili na majora yake aviweke chini ya kitanda, wateja wapande kitandani kuchagua rangi… "Ila ipo njia," afisa aliongeza, akashusha sauti, mtu mwema, hilo hamnyimi, "kama aliyeandika hakuwa na akili timamu, tuseme ni mgonjwa, au mzee aliyechanganyikiwa, mnaleta karatasi ya daktari, tunaandika kwamba maneno yale hayakuwa ya duka, deni linafutwa. Lote. Nani aliandika, mama?" na papo hapo mtandao ukakatika, kiduara kikaanza kuzunguka kwenye kioo cha kompyuta, kinazunguka mpaka sasa, "Tungoje urudi, nikiandika bila mtandao haishiki."

Nani aliandika… jibu ni jepesi, ni neno moja, na kaka yake mkubwa alishamwekea mdomoni tangu jana kwenye simu, alipomsomea barua ya wito iliyoutaja ule mstari wa ukutani, kabla hata ya huyu afisa, "Wewe sema mzee kachanganyikiwa, nani atabisha? Daktari namjua, karatasi naileta kesho, na hiyo karatasi itatufaa kwa mengine," kwa mengine, akalisema haraka haraka kama mtu anayepitisha mzigo mlango wa nyuma, na mengine yanajulikana, ni nyumba, ile nyumba ya vyumba vitatu na ua mwembamba anamoishi yeye na baba, kaka ameshaipigia hesabu, ameshampeleka na mnunuzi ajifanye anatafuta maji ya kunywa, na baba kila akiulizwa habari ya kuuza anajibu, "Uzeni mimi kwanza, mtaona kama kuna mnunuzi," anacheka peke yake, anarudi kwenye kiti chake, kwa hiyo karatasi ya daktari haitakaa kwenye jalada hili la kodi ikalala, itaamka, itatembea, itafika kwa mwanasheria, na baba atahamishiwa chumba cha nyuma kwa kaka, chumba kisicho na dirisha, hata pazia la kumshonea hakitakuwa nalo… lakini si kwamba ni uongo mtupu, hapo ndipo penye kumla moyo, laiti ungekuwa uongo mtupu angeukataa akalala usingizi, kweli mzee anasahau, anatafuta brashi iliyo nyuma ya sikio lake mwenyewe, muuza maji anasalimiwa habari za asubuhi mpaka jua linazama, naye siku hizi anaitikia tu, nzuri mzee, kila mara, Mungu ambariki, na juzi, yeye akiwa ameinamia marinda ya pazia la kliniki, pini mdomoni, baba akamuuliza kwa sauti ya kawaida, "Mama yenu hajarudi sokoni?" na mama hayupo miaka mingi, amezikwa, na baba mwenyewe alitia udongo, na yeye badala ya kusema ukweli akasema "Bado, baba," kwa sababu ya zile pini, akajiambia ni kwa sababu ya pini, akaendelea kukunja rinda juu ya rinda na machozi yakadondokea kitambaa cha watu, ikabidi apige pasi upya.

"Mama, unasikia kizunguzungu?", "Hapana, mwanangu, ni feni yenu tu," akajikaza, akaweka mikono juu ya mkoba, kiduara kinazunguka, mwenzake wa meza ya pili anagonga printa kwa kiganja kama anayembembeleza mtoto acheue, na asubuhi, kabla ya kutoka, alisimama na baba mbele ya ule ukuta, akamwambia baba, naomba mstari wa chini uufute, upige rangi nyeupe juu yake, akakwepa kumweleza sababu, angeanzia wapi, na mzee akavaa miwani yake iliyofungwa uzi, akasogea, akapitisha kidole kwa kila neno bila kugusa, bei, pamoja, na, kodi, akarudi nyuma hatua kadhaa akatazama kwa mbali kama alivyozoea enzi zake, akasogea tena, "Herufi gani imekosewa, Kifungo?", "Hakuna iliyokosewa, baba," "Mimi sijawahi kukosea herufi. Nimeandika hospitali, nimeandika benki, nimeandika mpaka jina la mkuu wa shule aliyekuwa na majina manne. Nionyeshe herufi," na yeye hakuwa na herufi ya kumwonyesha, akatazama saa, akasema nimechelewa, akamwacha pale na kopo la rangi nyeupe limefunguliwa na brashi kavu mkononi, anahesabu herufi upya, yupo pale sasa hivi, ataendelea kuwa pale, mzee wa watu hajui kwamba huku kuna kisanduku kwenye kompyuta kinangoja aambiwe hana akili… ni sekunde moja tu kusema, ni baba, alikuwa haelewi alichokuwa anaandika, na duka linapona, bahasha inapona, na nani atamlaumu, si kaka, si afisa, mzee mwenyewe labda hatajua, atajua siku watakapokuja na gari la kubeba kitanda chake.

"Basi tukiwa tunangoja, niambie tu niandike hapa," afisa akasema, akachukua kalamu na kipande cha karatasi, "aliyeandika ukutani, alielewa maana ya alichoandika?" na yeye akafumbua mdomo, lile jibu la kaka likiwa limekaa tayari kwenye ulimi, haelewi, mzee haelewi, na badala yake koo likamwasha, likamkauka ghafla, na kule kukauka anakujua, ndiko kulekule, mwaka ule mwenye nyumba alipopandisha kodi mara mbili kabla miezi haijakomaa, naye akapandisha bei za mapazia, na kila anayeingia dukani ni kupatana bei, punguza fundi, hii bei ya wapi fundi, na mwalimu mmoja mwenye mwavuli ndiye aliyewashinda wote, alipatana bei ya pazia moja kutoka chai ya asubuhi mpaka watoto wakatoka shule, na yeye akamwambia, anaisikia mpaka sauti yake mwenyewe, imepasuka katikati, "Mwalimu, unaona kitambaa tu? Ndani ya hiyo bei kuna uzi, kuna umeme, kuna kodi. Bei yangu ni pamoja na kodi, mwalimu, sina pa kupunguza!" bei yangu ni pamoja na kodi… alimwambia mwalimu, akamwambia aliyemfuata, aliimba wimbo huo mwaka mzima, kila siku, mpaka jioni anaongea kwa mikono, na baba alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, kimya, akidhaniwa anasinzia, mpaka alasiri moja akainuka akasema, "Kifungo, utakauka koo. Ngoja ukuta ukusaidie kusema," akakoroga bluu, akakoroga nyekundu, akapiga mstari kwa uzi na chaki, akaandika, hakuuliza hata neno liwe lipi, hakuwa na haja ya kuuliza, maneno alikuwa ameshayasikia mara elfu kutoka kinywani mwa binti yake, akaandika alichosikia, hakuongeza nukta, hakupunguza nukta, na yeye mwenyewe akaupenda ule mstari mpaka akaenda kuchongesha muhuri wa risiti wenye maneno yaleyale… haelewi nani sasa, mzee yule alielewa kuliko wote, alielewa mtoto wake amechoka.

Na kelele zikaisha kweli, hilo nalo likamjia, likamjia vibaya, mtu alikuwa anaingia, anaanza, fundi hapo nifikirie, kisha anatupa jicho ukutani, anasoma, anashusha pumzi, anatoa hela, hata mwalimu mwenye mwavuli alirudi, akasoma, akatoa yote bila neno, na yeye kwa miaka hii yote alisema watu wana huruma, wameona kodi inavyoniumiza, kumbe… kumbe hawakuwa wakimhurumia yeye, walikuwa wanaiogopa serikali, nani apatane bei na serikali, wameona kodi, kijana wa watu alisema, wameona kodi, kwa hiyo hasemi uongo huyu na kiduara chake, mwalimu alitoa ile hela akijua inakwenda kununua dawa za zahanati au kuziba mashimo ya barabara, ikaenda kwa mwenye nyumba mwenye gari jipya, hakuiba yeye, Mwenyezi Mungu shahidi, lakini ilimfikia kwa jina la mtu mwingine na akaitumia, neno moja tu, limepangwa na wapangaji wawili, kila mmoja anadhani chumba ni chake peke yake, na katikati wamemweka baba yake wanamtafutia karatasi… ajabu, ameielewa sheria, asubuhi nzima haikumwingia na sasa imemwingia, kavu, bila chai, na imemchosha zaidi, lakini uchovu wa namna nyingine, kama wa mtu aliyekwisha kutua ndoo. "Alielewa," akasema. "Nini, mama?" kwa sababu printa ilikuwa imeanza kulia, na yeye akasema tena, juu ya mlio wa printa, "Aliyeandika ni baba yangu. Alielewa kila herufi. Mkono wake, maneno yangu, nilikuwa nayasema mimi dukani kila siku. Andika hivyo. Na andika ana akili zake timamu," na afisa akaweka kalamu chini taratibu, "Mama, mimi nakusaidia, ukisema hivyo hakuna msamaha, utalipa," "Nitalipa. Zote mbili," "Zote mbili zipi?", "Yako na ya mwenye nyumba. Ya mwenye nyumba sijui nitaitoa wapi, nitalia naye kivyangu. Yako nipasulie vipande, siwezi kwa mkupuo," na kijana akakuna shingo pale tai inapombana, "Vipande vinawezekana. Kwa barua. Ila huo muhuri mama uache kuutumia leo hii, na ukuta…" na simu ikatetemeka ndani ya mkoba, ikatetemesha pete zote za mapazia, kaka mkubwa, ataka kujua kama amwendee daktari, akaiacha itetemeke mpaka ichoke yenyewe, akavuta ile picha karibu, akaweka kidole gumba na cha shahada kwenye neno KODI kama anavyopima dirisha la mtu kwa kukisia kabla ya kutoa tepu, akahamisha ule upana kulia, mara moja, mara mbili, na nafasi ipo, baba huwa anaacha nafasi, inatosha YA PANGO na ukingo unabaki, basi ndilo atakalomwambia akifika, akimkuta bado amesimama na lile kopo, hakuna herufi iliyokosewa, baba, ni mstari tu ulikatwa mfupi, tuurefushe, na mzee ataona hilo ni jambo la maana, ataomba uzi na chaki, huenda ataulizia na mama kama amerudi, naye atajibu atakavyojaliwa. Kiduara kilikuwa bado kinazunguka. "Mtandao bado, mama," afisa akasema. "Usijali, mwanangu," akasema Kifungo, "nasubiri."